Malalamiko Kuhusu Nauli Iliyoshuka Bila Kunishirikisha

Tarehe 9 Machi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Ndege la Nauli Nafuu,
Makao Makuu, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, marubani wako, na yule binti wa kaunta namba mbili ambaye amenivumilia kuliko anavyolipwa kunivumilia.

Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi hii nina mwaka wa kumi na saba. Natembea na sanduku la mawe ya shaba, naingia dukani, naweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya mwenye duka, na mshale usipofika kwenye kilo moja, yeye na mimi tunaanza kufahamiana. Nyumbani naandika shajara kila siku, yenye tarehe, tangu nilipokuwa kidato cha pili. Nakutajia haya ili ujue hujaandikiwa na mtu wa kukisia. Kila siku na kila saa nitakayoitaja humu imeandikwa mahali.

Najua mnapokea malalamiko mengi. Wapo wanaolalamika kwamba magoti yao yanagusa kiti cha mbele. Wapo wanaolalamika kwamba maji ya kunywa yanauzwa, na kwamba anayetaka kukaa dirishani analipia dirisha kana kwamba mawingu mmeyaotesha ninyi. Mimi simo katika hao. Lalamiko langu ni kwamba nauli yenu ni ndogo mno, na kwamba mliishusha bila kunishirikisha, ilhali nilikuwa nimeyajenga maisha yangu juu ya kubaki kwake juu.

Ili usipoteze muda, jambo lenyewe ni hili. Mama yangu anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatano tarehe 18 mwezi huu. Ni jicho la kulia, ambalo ndilo pekee lililobaki na matumaini. Alhamisi tarehe 19, saa nne asubuhi, daktari anafungua bandeji, na mama amesema anataka niwe nimesimama mbele yake wakati huo. Tangu baba afariki sijakanyaga nyumbani. Kilichokuwa kinanizuia ni nauli, na nauli mmeiondoa. Sasa nielekeze, Ndugu Mkurugenzi: nizuiwe na nini?

Niruhusu nieleze kwa mpangilio.

1. Kuhusu nauli yenyewe.

Tarehe 11 Novemba, miaka kumi na moja iliyopita, kaka yangu alinipigia simu saa mbili asubuhi kunijulisha kwamba baba amefariki alfajiri, na maziko ni kesho yake saa kumi alasiri. Kwa basi ni safari ya siku tatu. Wakati ule shirika la ndege lilikuwa moja tu, lile la zamani, na nauli ya kwenda peke yake ilikuwa mishahara yangu mitatu. Nilikusanya nilichoweza: mshahara mmoja niliokuwa nao, nusu kutoka kwa bosi, na robo kutoka kwa mwenzangu wa ofisini ambaye kwa wembamba wake tunamwita Gramu. Nilifika kaunta yao saa tisa mchana. Mtu wa kaunta alihesabu mara mbili, akasema kwa upole, "Kiti kipo, ndugu yangu. Hela ndiyo haijatimia." Baba akazikwa bila mimi.

Jioni ya tarehe 12 nilimpigia kaka, nikamweleza habari ya nauli. Kaka ni seremala, mtu wa maneno mafupi na misumari mirefu. Alisema, "Sawa. Siku nauli ikishuka, utuarifu."

Mtu mwingine angeelewa hapo kwamba amepigwa kijembe. Mimi niliandika kama agizo. Tangu mwaka uliofuata, kila tarehe 11 Novemba, nilikwenda kwenye kaunta ile, nikauliza nauli ya kwetu, nikaiandika kwenye shajara, na papo hapo nikamtumia kaka ujumbe: nauli leo ni kiasi fulani, imepanda. Shirika lile lilikuwa la kutegemewa sana. Halikuniangusha hata mwaka mmoja. Kaka alikuwa akijibu neno moja, "Tumepokea." Mama alikuwa akiomba dua kwenye simu nauli ishuke, nami nikiitikia amina, kwa sauti ya chini, isije ikafika mbali.

Mke wangu, ambaye nimeishi naye miaka tisa na mama hajamtia machoni, huwaambia shoga zake kwamba wao wana mama wakwe wa kila aina, lakini wa kwake anaitwa Nauli.

Ndipo mkaja ninyi. Mwezi Agosti mwaka jana shirika la zamani lilifunga kwa kushindwa kushindana nanyi, na mkachukua ofisi yao, viti vyao, hata ile kengele ya mezani. Tarehe 11 Novemba nilikwenda kama kawaida. Sikutazama bango la nje. Kwa nini nilitazame, nimeingia mlango ule mara kumi. Binti wa kaunta akanitajia nauli. Nikaandika. Nikamtumia kaka. Nilikuwa nimeshairudisha simu mfukoni na kufika kwenye ngazi za nje ndipo nilipoisoma tena ile tarakimu na kuona ni pungufu ya bei ya viatu nilivyovaa. Na viatu vyenyewe ni vya mtumba.

Yaani kwa mkono wangu mwenyewe, kwa uaminifu ule ule wa miaka kumi, nilikuwa nimewaarifu.

Jibu la kaka lilifika kabla sijamaliza kushuka ngazi. Miaka yote aliandika neno moja. Safari hii aliandika matano: "Kwa hiyo unafika saa ngapi?"

2. Kuhusu siku za kuruka.

Sikukata tamaa mara moja. Nilimjibu kwamba ndege yenu ya kwetu inaruka Jumamosi tu, na Jumamosi ni siku ya soko kuu, siku ambayo mkaguzi akikosekana kilo inapungua mji mzima. Hoja hii ilikuwa ya kweli na niliipenda. Iliishi wiki tatu. Tarehe 2 Desemba mkaongeza Jumanne na Alhamisi. Kufikia katikati ya Januari mkawa mnaruka kila siku.

Nilitaka kujua mnawezaje, kwa hiyo nilikata ule ukurasa wa gazeti wenye picha yako ukiwa umesimama kwenye ngazi ya ndege, nikaubandika kwenye shajara na kuusoma kwa kalamu nyekundu. Unasema miaka mitano iliyopita mlikuwa na ndege moja ya kukodi na safari mbili. Leo mna ndege tisa na miji ishirini na mmoja. Unasema ndege iliyoketi chini inakula, iliyo angani inalisha, kwa hiyo yenu ikitua inamwaga watu, inafagiliwa, inajaza wengine na kuondoka ndani ya dakika ishirini na tano, na wahudumu wale wale waliouza karanga njiani ndio wanaookota makaratasi yake. Unasema zote tisa ni za aina moja, ili rubani wa hii aweze kuirusha ile, na spea ya ile iingie kwenye hii. Nilisoma mara mbili nikitafuta ufa. Sikuuona, na kalamu nyekundu nikairudisha kwenye mkebe.

Nilimwambia kaka kwamba hata hivyo mimi ni mtu wa kuogopa ndege nisizozizoea. Akajibu, "Zote ni moja. Ukizoea moja umezoea tisa." Sijui alisoma wapi. Nimekwambia ni seremala.

3. Kuhusu uwanja.

Hii ndiyo iliyokuwa ngome yangu. Ndege za zamani zilitua jiji kubwa, na kutoka hapo hadi kwetu ni saa sita za gari. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo marefu kuhusu zile saa sita, kuhusu mgongo wangu, na kuhusu vumbi.

Lakini ninyi hamwendi wanakokwenda wengine. Viwanja vikubwa vina ada kubwa, kwa hiyo mnatafuta vidogo ambavyo hakuna anayevitaka, mnavikwangua kidogo, mnatua. Mwishoni mwa Januari mkafungua ule uwanja wa mjini kwetu. Ndugu Mkurugenzi, ule si uwanja wa ndege. Pale watu wanakausha mahindi. Pale ndipo nilipojifunzia baiskeli, na kaka alikuwa akiishika nyuma akinidanganya kwamba hajaiachia. Mmewafukuza mbuzi, mmechora mistari myeupe, mkaweka banda la bati lenye maandishi ya Karibu.

Matokeo yake nayaeleza kama yalivyo. Mama alinipigia simu tarehe 1 Februari, akasema, "Mwanangu, siku hizi ndege zako zinapita juu ya bati langu. Sizioni, lakini nikisikia moja inashuka namwambia shemeji yako aongeze maji kwenye sufuria. Huwezi kujua."

Mnaruka kila siku. Nakuomba ufikirie lile sufuria.

4. Kuhusu mizani yenu ya mizigo.

Lalamiko hili nimelifuta. Tarehe 4 Februari nilikwenda kaunta na sanduku langu la kazi, nikaomba kuijaribu mizani mnayopimia mabegi, kwa kuwa mnaruhusu kilo saba tu na nilikuwa na hakika kwamba saba yenu ni sita na ushee. Niliweka jiwe la kilo tano na la kilo mbili. Ikasema saba. Nikaongeza gramu kumi. Ikazisema. Nikaondoa gramu kumi. Ikakiri. Katika miaka kumi na saba sijakutana na mizani ya kweli kama ile, na ilinisikitisha sana. Binti akaniuliza, "Baba, hivi unasafiri au unakagua?" Nikamwambia nakagua. Akasema, "Basi nikukatie tiketi ukakague na huko?" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nilifunga sanduku.

Namba nne nimeiacha mahali pake kwa sababu sipendi kuficha kwamba nilijaribu.

5. Kuhusu zile kilo saba.

Nikageukia mzigo wenyewe. Nilimweleza mama kwamba mtu hawezi kurudi nyumbani baada ya miaka hii yote akiwa na begi la kilo saba kama fundi anayekwenda kuziba bomba. Kuna kitenge chake yeye, kuna shati la kaka, kuna shemeji, kuna watoto wa kaka watatu ambao nawajua kwa sauti tu. Na kilo ya ziada kwenu ina bei ya kutisha. Begi linasafiri kwa heshima kuliko mwenye begi. Niliyasema haya kwa urefu na kwa takwimu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na wewe mwenyewe wanakuhesabia kilo ngapi?"

Nikamwambia abiria hapimwi.

"Hata awe amenenepa?"

Hata awe amenenepa.

"Basi njoo wewe. Uje umenenepa."

Hapa, kama mtaalamu, naona upungufu mkubwa katika biashara yenu. Mnapima kitenge na hampimi mtu. Kama mngenipima na kunitoza, ningepata pa kusimama. Mmeniachia pasipo na kitu, mbele ya mwanamke mwenye miaka sabini na minne ambaye haoni na bado amenishinda kwa hesabu.

6. Kuhusu bei inayokua kama mtoto.

Mke wangu ameweka programu yenu kwenye simu yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, ananisomea nauli ya tarehe 19 kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa. Ndivyo alivyonifundisha kanuni yenu nyingine: kiti cha kwanza kinauzwa kwa bei ya viatu, kiti cha mwisho kwa bei ya duka la viatu. Anayewahi anasafiri kwa raha, anayesitasita anamlipia.

Ijumaa tarehe 6, siku nilipoanza kuandika barua hii, alisema, "Mume wangu, vimebaki viti kumi na tisa." Nikamwambia bado naangalia. Akasema, "Unaangalia nini? Unasubiri ipande ili umpigie kaka umwambie imepanda." Niliingia chumbani nikayaandika maneno yake kwenye shajara kama yalivyo. Chini yake huwa naacha mstari wa jibu langu. Mstari ule bado mweupe, kwa sababu shajara yangu haina utaratibu wa kupokea uongo.

Hata kazini hakuna nafuu. Gramu, ambaye bado ni mwembamba, aliniuliza mbele ya bosi, "Hivi wewe ulikuwa unaogopa nauli au ulikuwa unamwogopa kaka yako?" Nikamjibu kwamba vyote viwili vimekuwa vikipanda mwaka hadi mwaka. Bosi alicheka. Gramu hakucheka, akasema, "Kimoja kimeshuka." Kisha akaendelea kusugua mawe yake.

7. Kuhusu kuchelewa.

Hili ndilo kubwa. Nimeliandika mara nne na kulichana mara tatu, na hii ya nne naiacha kwa kuwa karatasi zinakwisha.

Gazetini mnajivuna kwamba katika kila safari mia moja, tisini na moja huondoka kwa wakati. Sikatai. Lakini katika hesabu hiyo yangu hamkuiweka.

Asubuhi ya tarehe 12 Novemba mwaka ule, siku ya maziko, nilikwenda uwanjani kuitazama ndege ya saa mbili ikiondoka kwenda kwetu. Sina maelezo ya kwa nini nilikwenda. Nilisimama kwenye uzio. Yule mtu wa kaunta aliniona, akaja, na nadhani hakujua la kusema, maana aliniambia kwamba ndege ile inaondoka na viti kumi na vinne vitupu. Niliandika: kumi na vinne. Halafu ikaruka, na kwa urefu wa dakika kama sita niliweza kuiona.

Sasa nasoma maneno yako, Ndugu Mkurugenzi. Unasema kiti kitupu ni kitu kilichooza siku ile ile kilipochumwa. Afadhali mtu akikalie kwa bei ya viatu kuliko kikaliwe na hewa. Ni maneno ya akili, na si magumu. Mimi niliishia kidato cha nne na niliyaelewa mara ya kwanza. Kwa kanuni hiyo, siku ile ningelipa nilichokuwa nacho mfukoni na kurudishiwa chenji. Ningefika saa nne, ningepanda gari la saa sita, ningewakuta kaburini udongo haujarudishwa wote. Pengine ningemkuta kaka na koleo mkononi, akanipokeza.

Mlikuwa wapi?

Nimepiga hesabu leo. Mmechelewa miaka kumi na moja, miezi mitatu na siku ishirini na tano, na hakuna aliyetangaza kwenye spika kuomba radhi. Mnauza maji, mnauza dirisha, mnauza nafasi ya kuingia mbele ya wenzako. Nimepekua programu yenu kuanzia juu hadi chini, na kiti cha asubuhi ile hamkiuzi.

Na baada ya kuchelewa hivyo mnakuja na bashasha, na ndege za rangi ya machungwa, mnanitangazia kwamba sasa ni rahisi. Ilipokuwa ghali, nilikuwa mtu aliyezuiwa. Watu walinihurumia, na mimi nilijihurumia. Sasa ni mtu asiyekwenda. Tofauti ya watu hao wawili ni nauli yenu.

Kutokana na hayo yote, naomba mambo yafuatayo, nikiyapanga kuanzia lililo rahisi kwenu:

(a) Nauli ya kwetu irudishwe kuwa mishahara mitatu, angalau kuanzia kesho hadi tarehe 20 Machi. Mshahara wangu wa sasa mnaweza kuupata kwa bosi. Abiria wengine si lazima wasumbuliwe. Inatosha ipande kwangu.

(b) Kama sheria haziruhusu, niandikiwe barua yenye muhuri, ikielekezwa kwa kaka, kwamba shirika limepima suala langu na kuona sifai kusafirishwa. Sababu mchague ninyi, mradi iwe ya heshima. Nisingependa ya ulevi.

(c) Kama (a) na (b) zote hazitawezekana, basi, kwa kuwa mnauza kila huduma peke yake, naomba kununua hii, na bei sitauliza. Nipewe mhudumu mmoja mwenye sare anayetangulia mbele yangu kutoka kwenye ngazi ya ndege hadi mlango wa hospitali, ambaye kazi yake ni kumwambia kaka sentensi ya kwanza. Ya kwanza tu. Za pili na kuendelea nitajitahidi mwenyewe.

Natumaini utayapima haya kwa mizani ile ile ya kaunta namba mbili.

Nisalimie marubani, mafundi, wauza karanga wa angani, na wale wanaofagia ndani ya dakika ishirini na tano. Naheshimu kazi yenye muda. Nisalimie mwenye duka la matairi hapo chini, na umkumbushe kwamba kipimo chake cha upepo kilipaswa kukaguliwa Januari. Nisalimie na wale mbuzi, kama mnajua walikohamia.

Wako katika vipimo vya haki,

Mkaguzi wa Mizani na Vipimo, Daraja la Pili

Nyongeza, tarehe 10 Machi, saa kumi na mbili jioni:

Barua hii nilikuwa naibandika stempu asubuhi ya leo mke wangu alipotangaza kwamba nauli ya tarehe 19 imepanda mara tatu tangu jana, na kwamba viti vimebaki viwili.

Ndugu Mkurugenzi, huu ni unyang'anyi. Mtu anataka kwenda kumwona mama yake akifunguliwa jicho, na ninyi mnampandishia nauli mara tatu? Nilimwambia mke wangu asinunue chochote mpaka nizungumze na wewe ana kwa ana. Hakunisikiliza, ingawa lazima niseme kwamba wakati namkataza nilikuwa namsomea namba za vitambulisho vyetu. Tumechukua vyote viwili. Yeye amelipia dirisha. Kwa hiyo malalamiko yangu yote yasihesabiwe, isipokuwa la saba, na maombi yangu yote matatu yatupwe. Mahali pake weka ombi hili moja, kwamba nauli ishushwe, ishushwe kweli kweli, na ibaki huko huko chini kwa ajili ya wengine.

Nilimtumia kaka ujumbe kwamba nauli imepanda na tunafika Alhamisi saa tatu kasorobo. Hakujibu. Saa nzima ikapita, nami nikaiandika ile saa. Kisha akapiga simu, anahema. Alikuwa ameacha kazi kwenye karakana akaenda hadi uwanjani, akatembea kutoka pale hadi mlango wa hospitali huku anaangalia saa. Alisema ni dakika arobaini kwa mtu anayejua anakokwenda, na bandeji ni saa nne kamili, daktari hasubiri mtu.

Akauliza kama bado natembea kama bata. Nikamwambia ndiyo.

Akasema basi ataazima pikipiki.

Nikamkumbusha kwamba tunakuja wawili. Akasema basi ataazima mbili.